Maboga ya Mlangoni

Konde, Pemba
6 Oktoba 2003

Mdogo wangu Mwatima,

Pokea salamu za nyumba nzima, ambazo mwaka huu ni nyingi kuliko karafuu. Mikarafuu ya marehemu baba imezaa kwa kubahatisha, mmoja umebeba, wa pili yake hauna kitu, na bei nikikutajia utadhani natania. Wifi yako Hidaya miguu inamvimba tena. Anakwenda hospitali Wete, anapewa vidonge vya rangi ileile, anarudi. Duka la Chaman limefungwa, mwenyewe kahamia Unguja na simu yake, kwa hiyo nambari ile usiipige tena. Tumerudi kwenye karatasi na kalamu. Mimi sina kinyongo, maana kwenye simu wewe ulikuwa unasema "halo, halo" mpaka kadi inakwisha.

Nasim hajambo. Yuko darasa la tatu na gauni zake zote zimekuwa fupi. Juzi mwalimu aliwataka waandike insha juu ya mama, akaandika kurasa mbili. Nilipozisoma nikaona nyingi ni za kubuni. Alikuwa na miaka sita ulipoondoka, anachokumbuka ni kidogo, pengine anajaza mwenyewe.

Sasa lililonikalisha mezani. Khalfan, ami yake, alileta ujumbe kutoka Maskati kwa simu ya Chaman, kabla hajahama. Anasema nduguye Hemed, Mungu amrehemu, alipouawa aliacha damu moja tu, na damu hiyo haiwezi kukaa kwa mjomba mtu huku baba hayupo na mama hayupo. Anataka kumchukua Nasim akakae naye, asome huko. Atakuja mwenyewe siku za Idi Kubwa. Hakuzungumza kwa ubaya, na wala si mtu mbaya. Nimemwambia mtoto ana mama, na mama huyo yuko katika kuandaa karatasi za kumwita. Akaniuliza: tangu lini?

Swali hilo nakuletea wewe. Basi nipe jawabu. Unamwita, au unarudi, au tumwache aende? Neno moja linanitosha.

Kaka yako,
Matar


Stanmore, London
7 Novemba 2003

Kaka Matar, shikamoo,

Saumu zenu Mungu azikubali. Za huku ni saumu za watoto, jua linazama saa kumi na nusu, njaa haijapata hata nafasi ya kubisha hodi. Mwambie wifi Hidaya akikaa aweke miguu juu ya mto, na chumvi apunguze, najua hanisikii. Mimi mzima. Baridi imeanza, nimevaa soksi jozi mbili mbili na bado vidole navihesabu kuona kama vipo vyote.

Nilikwambia niko kwa Sudha tangu Aprili, yule Muhindi mzaliwa wa Kiponda, aliyeondoka Unguja na wazazi wake baada ya Mapinduzi akiwa na miaka saba. Kazi yangu ni mamaake, Bi Bhanu. Ana miaka themanini na tano na akili imemchanganyika. Kiingereza chote kimemtoka, Kigujarati kinamponyoka, kilichobaki ni Kiswahili cha mjini, kitamu, cha watu wa zamani. Kila asubuhi ananiuliza, "Mwanangu, mlango umefunga? Komeo umetia?" Namwambia nimetia. Ndipo anapokubali kuoga.

Sasa sikiliza nilivyoaibika. Siku ya pili ya Ramadhani natoka kituo cha basi, magharibi inaingia, nikaona kwenye vizingiti vya nyumba maboga. Makubwa, mekundu, kila mlango na lake, mengine mawili. Mwaka juzi na mwaka jana nilikuwa nakaa hosteli ghorofa ya nne, vizingiti nilikuwa sivioni. Nikasema alhamdulillahi, kumbe na hawa wameshajua mwezi umeandama! Kwetu watu hutoa futari barazani ili mpita njia asipite na njaa, na hawa wametoa mabichi kwa kuwa hawajui kupika. Nikagonga mlango wa kwanza nishukuru, hakufungua mtu. Nikachukua. Nikachukua na la pili na la tatu, nikaacha mengine nisije kuonekana mroho.

Sudha aliporudi kazini akayakuta jikoni. "Mwatima, oh my God! Hizi za watu! Watoto wanachonga, ni Halloween!" Kumbe ni sikukuu yao, wanachonga boga macho na meno, wanatia mshumaa ndani. Sudha alicheka mpaka akakaa chini, kisha akanishika mkono tukarudisha mlango kwa mlango. Mawili. La tatu lilikuwa limeshaiva na nazi. Mtoto wa nyumba ile alilia, nikamchongea jingine, sura ikatoka kama ya sheha wetu.

Na hilo lililoiva halikuwa boga, kaka. Ni maji na nyuzi. Maboga ya huku ya kuchonga yamelelewa kwa ajili ya sura tu. Lakini Bi Bhanu, ambaye tangu Septemba anakataa chakula, alipoonja akafumbua macho akasema, "La Ramadhani hili!" Akala bakuli zima, na yeye Ramadhani haimhusu. Sudha akalia. Daktari alishamwambia kwamba mamaake asipokula itabidi apelekwe nyumba ya wazee.

Basi sikukuu yao ilipokwisha, majirani wakayatupa, nami nikapita kuomba yale yasiyochongwa. Ninayo kumi na moja kwenye kibanda cha bustani. Nimejifunza: ukilikamua katika kitambaa maji yote yakatoka, kinachobaki unaweza kukifanya chochote. Nimelikandia chapati, zinatoka rangi ya dhahabu. Nimetengeneza katlesi. Nimepika halua kwa samli na hiliki. Maganda nayakata nyembamba nayakaanga na bizari, Bi Bhanu ndiye aliyenifundisha, mikono yake inakumbuka hata kama yeye hakumbuki. Mbegu nazikausha juu ya chuma cha kupashia nyumba moto. Nusu ya ganda nimeitundika dirishani na makombo ndani, ndege wanakuja, Bi Bhanu anawaangalia. Msomee Nasim yote haya.

Suala la Khalfan nimeliona. Karatasi inakwisha, tutaandikiana.

Wako,
Mwatima


Konde, Pemba
24 Novemba 2003

Mdogo wangu,

Kesho au keshokutwa Idi, tunangoja mwezi. Nakutakia heri yake. Hapa tumejaaliwa mvua za vuli, njia ya shamba haipitiki, na Hidaya amekataa mto na chumvi ameongeza. Ulijua.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza peke yangu, nikacheka. Mara ya pili nilimsomea Nasim na Hidaya, wakacheka mpaka jirani akaja kuuliza. Nasim sasa anataka kila boga linalopikwa lichongwe kwanza. Alichonga moja kwa kisu cha mamkubwa wake wa jirani, akalipa pua, akaliweka mlangoni. Mbuzi wakalila.

Mara ya tatu niliisoma kwa kutafuta. Kurasa nne za maboga, mstari mmoja wa mwanao. Mwatima, sikukuuliza futari. Nilikuuliza Nasim aende au asiende. Hao wazee wetu waliosema mficha uchi hazai hawakusema kwa ajili ya kupamba maneno. Kama mambo yako ya karatasi yana kikwazo niambie, mimi ni kaka yako, tumenyonya ziwa moja, kwangu utaficha nini? Na kama yamenyooka pia niambie, nimfungie Khalfan mdomo.

Amemletea mtoto nguo ya Idi kutoka Maskati, ya hariri, na viatu. Nasim ameivaa, akajitazama, akaivua akaikunja. Ameniuliza kama London kuna nguo kama hiyo. Nimemwambia zipo, bora kuliko hizo.

Usinifanye mwongo.

Matar


Stanmore, London
18 Desemba 2003

Kaka Matar, shikamoo,

Idi yenu nadhani ilikuwa njema. Mimi niliswali msikiti wa Harrow, nikarudi kazini kabla ya chai. Hapo msikitini nilikutana na mama mmoja wa Mombasa, tukakumbatiana kama tuliozaliwa pamoja, na jina lake sikumuuliza. Watu wa huku tumekuwa hivyo.

Maboga yamebaki matano. Baridi ni nzuri kwayo ikiwa kavu, mbaya ikiwa na majimaji. Ukiligonga linaita kama ngoma ni zima, likinyamaza jua limeoza ndani. Nimetia mawili katika achari ya ndimu na pilipili, chupa nane, Sudha amewapelekea wenzake wa duka la dawa anakofanya kazi huko Harrow, wanataka zaidi. Nimepika jamu na tangawizi. Mbegu nyingine nimezitoboa kwa sindano nikazitunga mkufu wa Nasim, nimeutia ndani ya bahasha hii. Uguse, una mbegu sitini na nne. Mwambie ahesabu.

Bi Bhanu anakula kijiko, anatema kijiko. Jana alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, hao wamekuja tena, usifungue." Nikamuuliza nani. Akasema hajui, lakini wanagonga. Nilikaa naye sakafuni nyuma ya mlango mpaka akasahau. Sikumwambia kwamba na mimi nawasikia. Tangu ile Jumamosi ya maandamano waliyomleta Hemed kwenye mkokoteni nawasikia askari, kaka, hata huku.

Lile ulilouliza. Mwambie Khalfan asijisumbue. Kibali cha makaazi nimepata, limebaki la Nasim tu, na hilo linakwenda taratibu kwa sababu ya wingi wa watu. Si kazi ya siku moja. Mwambie Nasim mwakani, mwezi kama wa kumi, tutachonga boga sote wawili, nitamshikia kisu.

Nisamehe kwa mwandiko, vidole vimekufa ganzi.

Mwatima


Konde, Pemba
7 Januari 2004

Mdogo wangu,

Alhamdulillahi. Ndilo nililolisema nilipoisoma barua yako. Nimempa Nasim mkufu, amehesabu, amepata sitini na tatu, amesema moja umekula. Anauvaa skuli ndani ya buibui, mwalimu asione.

Hidaya amelazwa Wete wiki ya pili. Sasa wanasema si miguu, ni moyo, na kwamba moyo wenyewe unatakiwa ukaangaliwe Unguja. Ninakwenda asubuhi narudi jioni, na Nasim anakaa kwa jirani. Kuna siku nakuta kala, kuna siku nakuta kalala hivyo hivyo. Sikwambii ili uhuzunike.

Mengine ni ya kawaida. Nimechoka kidogo. Nasim anataka kutia mstari wake hapa chini.

Matar

Mama mimi sijambo. Usile maboga yote. Najua kuandika Kiarabu jina langu na lako. Nasim.


Stanmore, London
5 Februari 2004

Kaka Matar,

Shikamoo. Wifi anaendeleaje? Idi imepita na sikuwaandikia, nilikuwa sina uso wa kuandikia. Leo nina jambo moja na nitalisema mwanzo, maana nikianza na habari nyingine nitalikimbia.

Nilikudanganya. Makaazi sikupata. Barua ya kunikatalia ilikuja mwezi wa kumi, yako ya Khalfan ikaja wiki mbili baadaye, nikaziweka pamoja chini ya godoro. Wakubwa wa uhamiaji wamesema kwetu kumetulia, watu wamepatana, hakuna wa kunidhuru. Labda kweli. Ulinitaka neno moja, na neno nililokuwa nalo lilikuwa hapana, na sikuweza kumwandikia mwanangu hapana. Nikawa naandika maboga. Nilikuwa nikiyapika naona nina la kusema, mkono wangu unafanya kitu, mtu anakula, mtu anacheka. Nikadhani nikichelewesha kidogo pengine wale watabadilisha mawazo. Nimeona haya mbele yako na mbele ya Mungu.

Bi Bhanu wamemchukua nyumba ya wazee tarehe tano ya Januari. Aliacha kula kabisa, hata boga. Walipombeba alidhani ni wale anaowaogopa, akaniita nifunge mlango, na mimi ndiye niliyekuwa nimeufungua. Sudha ameuza nyumba. Anahamia Kanada kwa mwanawe mwisho wa mwezi huu, wenyewe wapya wanaingia mwezi wa tatu, watu nisiowajua. Kibandani lilibaki boga moja, nilipoligonga halikuita, nikalitupa.

Basi nimekwenda ofisi ya uhamiaji nikatia saini kwamba narudi kwa hiari yangu. Bi mdogo wa pale aliniuliza mara mbili, akanieleza kwamba nikishatia saini kesi yangu imefungwa, na kuingia tena nchi hii nisahau kwa miaka mingi. Nikamwambia nina mtoto wa miaka tisa na Idi imeshapita. Nikatia. Tiketi ni ya tarehe tatu Machi. Ninaogopa, kaka. Ninaogopa ile njia ya Wete, ninaogopa kupita mbele ya ile nyumba niliyokaa na Hemed. Lakini nimeona kwamba huku pia ninaogopa, na huku sina Nasim.

Wewe mshike Khalfan. Mwambie lolote, mwambie mama mtu yuko njiani, na safari hii hutakuwa mwongo. Usimpe mwanangu. Nakuomba kwa ziwa tulilonyonya, usimpe. Mwezi mmoja tu.

Mwatima


(Barua hii ilifika Stanmore tarehe 12 Februari.)

Konde, Pemba
28 Januari 2004

Mdogo wangu Mwatima,

Salamu za heri, na heri ya Idi inayokuja. Hidaya yuko nyumbani lakini hajapona.

Nina la kukwambia na nimelikwepa tangu barua iliyopita. Khalfan hakungoja Idi. Alikuja mapema apate kula sikukuu na watu wake, akaondoka na Nasim Jumamosi, tarehe ishirini na nne, kwa boti ya Unguja kisha ndege.

Nilikubali mimi, mwezi wa kumi na mbili, kabla barua yako ya makaazi haijafika. Hidaya alikuwa ameanguka jikoni, mtoto anapika uji peke yake, na mimi natoka alfajiri. Nikampelekea Khalfan neno. Kisha barua yako ikaja na habari njema, nikataka kulivunja neno langu, nikakaa na kalamu siku nne. Nikajiuliza: makaazi kapata, lakini la mtoto litachukua mwaka, litachukua miwili, na huyu mwaka huo ale nini? Nikakuandikia ile barua na sikukwambia. Kama una hasira zielekeze kwangu, usizipeleke kwa Khalfan. Nilikulaumu kwa kuficha, na mimi nikaficha.

Sisi pia tunaondoka. Jumatatu ijayo nampeleka Hidaya Unguja, tutakaa kwa watu mpaka tujue moyo wake utakuwaje. Nyumba nimeifunga, mikarafuu nimemwachia jirani yetu Faki. Usiandike tena hapa Konde. Nikipata pa kukaa nitakujulisha. Khalfan naye anahama nyumba huko Maskati, hakuweza kuniachia anwani, amesema ataileta. Mimi kuletewa nina shaka, najua watu wakishafika kwao.

Lakini usikate tamaa, maana hili nimelifikiria sana. Nasim alilia mpaka bandarini. Nikachutama nikamwambia: mama yako sasa ni mtu wa London, ana makaazi, hakuna wa kumtoa, siku yoyote ukitaka kumtafuta utamkuta palepale. Akanyamaza. Akanitaka nimwandikie anwani. Nimemwandikia kwa herufi kubwa nyumba, mtaa, Stanmore, mpaka msimbo wa posta, na Hidaya ameishonea ndani ya ukosi wa gauni lake ili isipotee. Amenisomea kwa moyo mara tatu bila ya kukosea. Amesema atakuandikia kila mwezi, na akiwa mkubwa atakuja mwenyewe kugonga mlango.

Sote tumetawanyika, mdogo wangu, na katika sote wewe ndiye uliyebaki na mahali. Kwa hiyo nakuomba jambo moja tu, na hili usinijibu kwa hadithi. Mtoto hana njia nyingine ya kukupata. Usihame hapo.

Kaka yako,
Matar